Bado Mchana, Jirani

"Saa moja na robo sasa hivi, jirani. Kama macho yako yamechoka, kaazime ya wenzako."

"Robo ya wapi? Saa yangu inasema kumi na mbili na dakika tano. Bado mchana. Usiku unauleta wewe na haraka zako."

Fundi saa alikunja uso gizani. Alikuwa amekaa kitandani, taa hajawasha, dirisha wazi. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya kilima. Zilibaki zile dakika chache ambazo rangi inahama ukuta mmoja baada ya mwingine, ndege wananyamaza kama waliokatazwa, na kila mwenye mlango anaufunga. Wakati huo ndio uliomshinda tangu mkewe afariki. Mchana alikuwa na kazi, usiku alikuwa na usingizi. Hapo katikati hakuwa na kitu.

Na sasa hata hapo katikati hapakukalika. Ilikuwa siku ya kumi na moja wale wawili wa ng'ambo ya kichochoro wakizozana. Nyumba yao ilikuwa na milango miwili iliyotazama dirisha lake, na kati ya baraza na baraza ukuta mfupi usiofika kiunoni. Kwenye mlango wa kushoto kulikuwa na cherehani ya Mama Sindano, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika mtaa mzima. Kwenye wa kulia kulikuwa na kiti cha kunyolea cha mzee mwembamba aliyeitwa Wembe, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya ulimi wake. Kila jua likizama, kila mmoja alitoka na saa yake ya ukutani, akaiinua juu kama mtu wa mnada, wakaanza.

Zaidi ya hayo Fundi hakuwajua, wala hakutaka kuwajua. Alipohamia, Mama Sindano alimkaribisha chakula mara tatu, na mara tatu alijibu kuwa ameshakula, hali sufuria yake ilikuwa haijatoka hata kwenye boksi. Wembe naye alimwita wapige soga kibarazani, naye Fundi akasema kichwa kinamgonga. Basi wakamwacha. Juzi alimnong'oneza mwenye nyumba, mtu ambaye habari hailali kinywani mwake, kwamba mtaa huu haumfai. Gari la mizigo lingekuja kesho asubuhi. Begi lilikuwa tayari limefungwa.

Kelele angeweza kuzivumilia. Matusi pia. Lakini miaka thelathini ya kuinamia saa za watu ilikuwa imemharibu: saa inayodanganya ilimkera kama mchanga ndani ya jicho. Yake ya mkononi ilisema kumi na mbili na dakika arobaini. Yule kazidi, huyu kapunguza, na wote wanaapa. Siku ya kwanza alicheka peke yake. Ya tano aliziba masikio. Ya nane alijikuta amesimama dirishani na bisibisi mkononi, akaona haya, akarudi kukaa.

Leo Mama Sindano alitangaza kwamba saa yake haijakosea tangu inunuliwe. Wembe akamshauri aipeleke ikalifundishe jua kazi. Hapo uzalendo ukamshinda Fundi. Kesho angeondoka, na saa hizo zingebaki hivyo hivyo, zikiongopa hadi kiama.

Alivuka kichochoro na kiboksi chake cha vifaa, bila hata salamu.

"Zileteni hapa. Zote mbili."

Walinyamaza papo hapo, kwa utiifu uliomshangaza. Wembe aliharakisha kuleta benchi, Mama Sindano akaleta taa, kisha kila mmoja akaanza kujitetea chini chini kama mtoto aliyeshtakiwa kwa mwalimu. Mama alidai kwamba jirani huyo akichelewa kula hununa hadi asubuhi, kwa hiyo lazima mtu atangulize saa. Mzee akasema jirani huyo akiachiwa, atapakua chakula cha usiku saa tisa mchana. Fundi aliwaambia wafunge midomo, ana kazi.

Alifungua ya kwanza, akaitegea sikio. Akafungua ya pili. Akairudia ya kwanza, akaisafisha ingawa haikuwa chafu, akaikaza skrubu ambayo haikulegea. Hazikuwa na ugonjwa wowote. Zilikwenda pamoja, hatua kwa hatua, kama zilizolelewa nyumba moja. Mishale tu ndiyo ilikuwa imesogezwa, na kwenye mmojawapo palibaki unga wa chaki ya kukatia nguo.

"Hizi saa ni nzima," alisema polepole. "Kuna mtu kazichezea kwa kidole."

Wembe alikuwa akitazama miguu yake kwa makini sana. Mama Sindano alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya kanga, na mabega yalikuwa yakimtikisika.

Fundi aliinua kichwa. Kilima hakikuonekana tena. Kiza kilikuwa kimetanda mtaa mzima, nyota zimeshatoka, na yeye hakukiona kikiingia.

Mama Sindano aliinama juu ya ukuta mfupi, akamgusa Wembe bega.

"Mume wangu, sogeza hilo benchi mgeni apite," alisema. "Na wewe, Fundi, tumegombana hadi sauti zimetukauka, ndiyo kwanza unatoka. Karibu ndani tule."