Vifaranga wa Samaki

Mkuu wa maabara alimkamata mpimaji wa sumu kisogoni, akambamiza uso mezani hadi damu ikamchuruzika puani. "Andika wamelala!"

Ndani ya bilauri, vifaranga wa samaki walikuwa weupe, migongo imepinda kama ndoana. Mpimaji, dada wa watu, alikuwa amewagusa mmoja mmoja kwa sindano, hakuna aliyeshtuka. Chembe ndogo mno za madini alizozitia majini kuzipima, za kupakwa ndani ya chupa za kunyonyeshea watoto, zilikuwa zimewamaliza.

"Wamekufa, bosi."

"Mshenzi we! Maji haya hata mimi nayanywa!"

Bado ameachama, mpimaji akammiminia bilauri nzima kinywani.

Bosi alimeza. Akaanguka kwa magoti, vidole kooni, akikoroma: "Maziwa! Niletee maziwa!"

Mpimaji alijifuta damu. "Ya nini tena, bosi?"