Boksi la Rejeta

Severino alifungua boneti, mvuke ukampiga usoni, na hapo ndipo alipoliona boksi.

Kwa baridi ya milima hii ya Bolivia, kila dereva wa dizeli huziba rejeta kwa kipande cha boksi alfajiri, injini iwahi kupata joto. Jua likichomoza hulitoa. Leo alikuwa akimkimbiza mkewe akajifungue, akalisahau.

Akachomoa kijiti cha oili. Ncha ilitoka nyeupe kama uji. Maji yalikuwa yameshaingia kwenye injini.

"Si wewe unayejisifu gari lako halijawahi kulala njiani?" mama mkwe alifoka kutoka kiti cha nyuma. "Washa twende!"

"Haliendi tena, mama."

Mkewe, aliyejilaza kando ya mama yake, alipiga ukelele mrefu. Barabara ilikuwa tupu mbele na nyuma.

Severino akalichomoa boksi, akalipeleka nyuma. "Mtandikie hili."

Mama mkwe, mjane wa dereva, alilipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa la moto. Akalitazama, akamtazama Severino usoni.

Kisha akakunja mikono ya sweta, akamgeukia binti yake.