Tundu la Mama Mkwe

Bong-im aliichana kwa kucha karatasi kuukuu iliyobandikwa kwenye mlango wa fito, vipande vikamrukia mpaka kwenye nywele. Kila mwaka majani yalipoanza kuwa mekundu, milango yote ya nyumba ilibidi ing'olewe, ioshwe na kubandikwa karatasi mpya kabla baridi haijaingia. Na kila mwaka kazi hiyo aliifanya peke yake, huku bibi, mama mkwe wake, akimsimamia kwa mdomo.

"Polepole! Utazivunja fito!" bibi alifoka kutoka chumbani kwake, ng'ambo ya ua. "Mikono hiyo ulipewa ya kuharibia tu?"

"Naharibu nini, Mama? Milango hii naibandika mimi mwaka wa kumi na moja huu."

"Na mwaka wa kumi na moja huu imekaa upande."

Bong-im akauma meno. Haya, na aseme. Aseme mpaka koo limkauke, maana kesho hatakuwa na wa kumsema. Saa kumi alasiri basi lingepita barabara kuu, naye angelipanda aende zake mjini Daegu, ambako dada yake amemtafutia kazi kwenye kiwanda cha nguo. Wifi angekuja kesho yake asubuhi kumchukua mama yake. Mume alikufa miaka minne iliyopita. Nini tena kilichomweka hapa? Alitaka tu nyumba aiache safi, pasitokee wa kusema kwamba mkaza mwana alikimbia kazi.

Bibi hakuambiwa neno. Furushi lilikuwa tayari chini ya blanketi. Viatu vyeupe vya mpira, vile vya kutokea, Bong-im aliviweka tangu alfajiri kwenye jiwe la kukanyagia mbele ya chumba chake, ncha zikitazama lango, kama vya mtu aliye tayari kuondoka.

Hata hilo halikumpita bibi. "Viatu hivyo vimewekwaje? Vigeuze!"

"Hee! Viatu navyo, Mama?"

"Nimesema vigeuze!"

Hakuvigeuza. Damu ilimchemka, kwa sababu mlango wa bibi ulikuwa umefungwa, na bado ameviona. Tundu lile! Kila mwaka karatasi mpya haikumaliza siku tatu kabla bibi hajalowesha kidole kwa mate na kuitoboa, chini kabisa, pale anapolaza kichwa. Mlango wake ulielekea jikoni. Bong-im alijua kinachotazamwa: mchele kiasi gani umeingia chunguni, na nani ameonja kabla ya nani.

Akavaa viatu vyake vya kazi, akabeba fremu za milango kichwani, akashuka nazo kijitoni. Huko alimkuta jirani, Mama Dok-su, akisugua zake.

"Vipi, bado unachunguliwa?"

"Hata chumvi ninayotia kwenye kabichi anaijua kwa punje."

"Ah, shukuru Mungu anatumia jicho. Wangu alikuwa ananinusa mdomo!"

Mama Dok-su akacheka mpaka akashika mbavu. Bong-im hakucheka. Alisugua kwa hasira mpaka ngozi ya vidole ikamtoka.

Aliporudi alimkuta bibi amelala kifudifudi kwenye kizingiti cha chumba chake, anahema. Sketi yake ilikuwa imejaa matope mpaka kiunoni, viganja vimechubuka. Miguu ile haikuwa imembeba tangu msimu wa kupanda mpunga.

"Umekwenda wapi?"

"Chooni."

"Kwa kutambaa? Kwa nini hukunisubiri?"

"Nikusubiri mpaka lini?"

Jamani, leo hii! Sketi nyingine ya kufua, na jua lishavuka utosi! Bong-im alimvuta bibi ndani, akambadilisha nguo bila kumtazama usoni, akatoka akapiga mlango kwa nguvu. Akapika gundi ya unga, akabandika mlango mmoja baada ya mwingine, akaianika jua lilipokuwa bado kali. Ukabaki mmoja. Akarudi chumbani kwa bibi na ndoo na kitambaa.

"Huu uache," bibi alisema.

"Upepo unapita hapo. Baridi itakuua."

"Na iniue. Uache!"

"Ili uendelee kunichungulia?" Kitambaa kikaanguka ndani ya ndoo, maji yakaruka. "Miaka kumi na moja, Mama! Nikipika, jicho. Nikila, jicho. Nimemzika mwanao, nalia peke yangu, jicho! Nimekuibia nini mimi? Sema leo, nimekuibia nini?"

Bibi alijikokota mpaka kwenye kona, akageukia ukuta.

Vizuri. Bong-im akapiga magoti mlangoni, akausukuma mto kando. Angeanzia pale pale penye tundu, alipanue, alichane, limalizike. Alikwisha kuloweka kitambaa hasira ilipomsukuma afanye jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Na yeye achungulie basi, walau mara moja, aone jinsi anavyoonekana akiiba kijiko cha wali.

Akalaza shavu sakafuni, mahali pa mto, akafumba jicho moja.

Jiko halikuonekana. Nguzo ya baraza ilikuwa imeliziba lote. Alisogea kulia, akasogea kushoto, ikawa vile vile. Lango halikuonekana, wala kisima. Tundu lile lilionyesha jiwe la kukanyagia peke yake, na juu ya jiwe viatu vyake vyeupe.

Vilikuwa na alama za vidole vya matope, na ncha zake zilitazama ndani.