Prado Haisukumwi

Maundu alikuwa amekwisha kupigwa picha mbili akiegemea Prado ya mkwe wake mtarajiwa, na alikuwa akijiweka sawa kwa ya tatu, binti yake alipotoka nyumbani na shela lake. Ndila akaipita Prado kana kwamba ni mkokoteni wa punda, akaenda kusimama kando ya Pijo 504 ya mjomba wake.

"Mimi naenda kanisani na hii."

Maundu nusura ameze ulimi. Prado ilikuwa ya mwaka huohuo, 2002. Viti bado vilikuwa na nailoni. Wesley, bwana harusi, alikuwa ameituma kutoka Machakos mjini pamoja na dereva mwenye tai. Pijo nayo ilimzidi bibi harusi umri, na mlango wake mmoja ulifungwa kwa waya.

"Ndila, mama, hebu ona. Hii iko na AC. Viti ni ngozi. Ikipita kwa shimo hata husikii!"

"Hii ya mjomba ndiyo nilijifunzia kuendesha, baba."

Mjomba Josphat, makanika wa Mitaboni, akaipapasa Pijo yake mgongoni. "Prado ni nzuri, shemeji, sikatai. Lakini ni otomatiki. Ikizima, haisukumwi, utaiangalia tu kama ng'ombe amekufa. Hii yangu, wanaume watatu na kamteremko, imeshika."

Akazungusha ufunguo. Pijo ikanguruma papo hapo, kuku wakatawanyika.

Maundu akashusha pumzi. Miezi miwili msichana alikuwa amenuna kwa sababu ya chuo cha uuguzi kule Kisumu, na yeye akimwambia masomo atayakuta kwa mume. Leo hakutaja chuo. Ombi lake lilikuwa hili moja tu. Nani atagombana na binti siku kama hii, tena kwa ajili ya Pijo?

"Haya. Lakini tukikaribia kanisa unaingia Prado, watu waone."

"Sawa, baba," Ndila akasema, kwa upole uliomfanya mzee apepese macho.

Kaka yake, Mutinda, akapakia sanduku la bibi harusi kwenye buti ya Pijo, akiguna. "Wewe, umebeba mawe?"

"Viatu."

Prado ikatangulia, mama na mashangazi wakiimba madirishani. Pijo ikafuata ikila vumbi lake, Josphat kwenye usukani, Maundu kando yake, Ndila na Mutinda nyuma. Walipoipita Kathiani, juu kabisa ya mteremko, ikakohoa, ikazima. Josphat akashughulika na ufunguo. Kimya. Akajaribu tena. Kimya.

"Nilisema mimi!" Maundu akafoka, akitazama saa. "Saa nne hii! Wesley amesimama mbele ya pasta kama mlingoti!"

"Pole, shemeji. Mteremko si huu? Tushuke wanaume tusukume. Ndila ashike usukani. Gia ya pili, mama, na nikisema sasa, achilia klachi."

Ndila akahamia mbele. Akavua viatu, akakunja gauni mpaka magotini.

Maundu akavua koti. Wakasukuma, yeye, Josphat na Mutinda, viatu vipya vikizama kwenye mchanga, jasho likiwatiririka mpaka kwenye soksi.

"Sasa!"

Pijo ikaruka, ikanguruma, ikawaachia moshi usoni. Mutinda akapiga mluzi. Maundu mwenyewe akajikuta anacheza hatua mbili pale barabarani. Kwa kweli, Prado isingeweza!

Chini kulikuwa na njia panda: kushoto kanisani, kulia Nairobi, njia ya kwenda Kisumu. Indiketa ya kulia ikawaka.

"Amekosea njia," Maundu akasema, bado akitabasamu. "Atageuza."

Wakangoja. Vumbi likatua lote.

"Mbona hageuzi?"

Josphat alikuwa akijifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Hapo lawama ni yangu, shemeji. Rivasi sikumfundisha."