Nyuzi Msumarini

Seluwa, mwimbaji wa roki, alikuwa hajatunga wimbo kwa miaka mitatu, na onyesho lilikuwa jioni hiyo. Alimpelekea fundi Mbaruku gitaa lake abadilishe nyuzi. Fundi akazivua zile kuukuu zilizoshika kutu, akazikunja kama bangili na kuzitundika msumarini, kama alivyozitundika za kila mteja.

Mara zikaanza kuimba taratibu, kwa sauti ya Seluwa mwenyewe, wimbo mpya kabisa.

"Babu, nirudishie hizo!"

"Wee! Mteja mmoja alizishusha zake, hadi leo hasemi. Piga hizi mpya, mjukuu wangu."

Fundi akazifunga gitaani, Seluwa akazipiga kwa nguvu. Hazikutoa sauti.

Ukutani, zile kuukuu zikaingia ubeti wa pili. Mkono wa Seluwa ulikuwa umeshafika msumarini.