Mume wa Pili wa Bibi Anyesi

Penye wengi pana moto, si Mungu. Prisca, fundi umeme wa kiwanda cha kahawa, alilijua hilo kwa kiganja, alipokigusisha kwenye paipu ya chuma iliyotambaa ukutani ikiwa imebeba nyaya za umeme na kukiondoa haraka.

"Usimguse mume wa mtu," alisema Bibi Anyesi bila kuinua macho kwenye ungo wake.

Wanawake wa kuchambua kahawa wakacheka. Ilikuwa Julai, baridi ya Mlima Meru ilikuwa imeshuka mpaka kwenye viwanda vya Themi, na kila mwanamke mle ndani alitamani kukaa pale. Lakini mahali palikuwa pa Anyesi kwa haki ya umri. Kila asubuhi aliegemeza mgongo kwenye paipu ile na kushusha pumzi kama aliyekumbatiwa.

"Bibi, sogea huku," Prisca alisema.

"Tangu marehemu aondoke, nani mwingine amenipasha mgongo? Niache, mwanangu."

Prisca alifungua kisanduku cha maungio. Nyaya zilikuwa zimebanana kama kuni kwenye mzigo: nene za mashine ya kukoboa, za wastani za mashine ya kupepeta na ya kupanga madaraja, nyembamba za taa, na nyingine nene zilizoambaa na ngazi kwenda ofisini juu. Ganda la mojawapo lilikuwa limelainika kama mshumaa ulioachwa juani. Aligeuka. Magunia mpaka darini, makapi sakafuni, wanawake katikati, na mlango mmoja tu, ng'ambo ya mashine.

Akapanda kwa Stanley, mwenye kiwanda. Alimkuta amevaa shati la mikono mifupi, hita ya umeme ikiwaka miguuni, birika likichemka pembeni. Prisca alivua sweta kabla hajakaa.

"Mashine ya kung'arishia inafika kesho," Stanley alisema. "Ijumaa Baba Mchungaji anakuja kuibariki. Nyaya zake zipitishe kwenye paipu ileile."

"Haziingii, bosi."

"Nimechungulia. Nafasi ipo."

"Nafasi hiyo ni ya hewa. Nyaya hazilingani unene, huwezi kuzihesabu kama mayai. Unapima uso wa kila waya pale ulipokatwa, unajumlisha. Zikivuka sehemu nne kati ya kumi za tundu, joto halina pa kutokea. Na sisi tumeshavuka. Tununue paipu ya pili."

Stanley akacheka. "Nimenunua paipu nzima, wewe unanipa chini ya nusu? Hewa hainikobolei kahawa, binti."

"Siku ikiwaka, wale mama wa chini watapita wapi?"

Kicheko kikaisha. "Kumbe tuna nabii wa paipu! Sikiliza. Paipu moja, mashine nne. Toa unachotaka, weka unachotaka, sitaki kuambiwa. Ijumaa zizunguke zote. La sivyo, Prosper yupo getini anaomba kazi, na yule hana maneno mengi."

Prisca alimfahamu Prosper. Angezisukumiza nyaya zile hata kwa goti, akachukua begi lake, akaenda zake. Wanawake wangebaki.

"Zitazunguka," alisema.

Alhamisi jioni, mashine zimezimwa, Bibi Anyesi alirudi kuchukua mtandio aliousahau. Alimkuta Prisca amepiga magoti, anazipaka nyaya mpya sabuni ya mche ili ziteleze ndani ya paipu.

"Kumbe umekubali."

Prisca aliendelea kupaka.

"Sikulaumu. Kazi ni kazi. Ila ni wewe uliyeniambia nisogee."

"Ni mimi."

"Na sasa unaongeza nyingine."

"Naongeza, bibi."

Mzee yule alimtazama, akajifunga mtandio, akatoka bila kuaga. Prisca akabaki na waya mkononi. Akaushika kwa mikono miwili, akavuta.

Ijumaa Baba Mchungaji aliweka kiganja juu ya mashine mpya na kuomba kwa kirefu. Walipoitikia amina, Stanley, amevaa koti lake la suti, alibonyeza swichi mwenyewe. Mashine ya kwanza ikanguruma. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Sakafu ikatetemeka.

"Mmeona?" alipaza sauti. "Huyu binti alitaka kuniuzia hewa! Prisca, tukishakunywa chai utaniomba radhi mbele ya Mchungaji. Umenitisha bure."

Prisca hakumtazama. Alikuwa akimtazama Anyesi, aliyeketi mahali pake, mgongo ukutani. Bibi alijisogeza. Akajisogeza tena. Akageuka, akaweka kiganja juu ya paipu, kisha na cha pili.

"Amekufa," alisema. "Mume wangu amekuwa baridi kama maji ya mtoni."

Kelele za mashine zilimeza maneno yake. Prisca peke yake ndiye aliyeyasikia. Stanley alikuwa tayari anampandisha mgeni ngazi kwenda ofisini.

Hawakukaa. Mlango ulifunguka tena, Stanley akasimama juu ya ngazi, koti limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Nyuma yake Baba Mchungaji alishika kikombe kitupu kwa mikono miwili.

"Hita yangu! Birika langu!" Stanley alipiga kelele. "Umefanya nini, wewe? Omba radhi! Sasa hivi!"

Prisca aliinama chini ya ngazi, akavuta bunda la nyaya nene alizozitoa ndani ya paipu, zile zilizokuwa zikipanda ofisini kwa Stanley, akalilaza sakafuni na kumkalisha Bibi Anyesi juu yake.

"Siombi," alisema.