Choo cha Wageni

Binti alipoingia chumbani, alichokiona kwanza ni kidole gumba cha mama yake, kikitetemeka juu ya blanketi, kimebana ncha ya futi ya kupimia.

"Hapo hapo, bibi, usiachie," fundi alisema, akiivuta futi juu ya miguu ya mgonjwa hadi ukutani. "Mita tatu kasoro. Choo cha wageni kitakaa bila shida."

Masikio ya mama yalikuwa yameziba siku nyingi. Alitabasamu tu, akifurahi kuwasaidia watoto kazi.

"Na bibi mwenyewe atalala wapi?" fundi aliuliza.

Mume wa binti alikuwa akichokonoa meno. "Stoo. Kwa wembamba ule, fagio zitamwona ndugu yao!"

Wakacheka. Kipande cha nyama kikamtoka mume mdomoni, kikatua kwenye blanketi, karibu na mkono wa mama.

Tangu binti aolewe, watu walimwita mumewe mwenye nyumba, na yeye kwa haya zake hakumsahihisha hata mmoja.

Alikiokota kile kipande, kingali na mate, akakirudisha kwenye kiganja cha mumewe.

"Nyumba hii," alisema, "baba aliniandikia mimi."